Daktari wa Chemchemi Tupu

TANGAZO. Kamati ya Maandalizi ya Sherehe ya Kumpongeza Daktari Severin Kaijage, ikiwa na furaha isiyo na mfano, na itifaki zote zikiwa zimezingatiwa, inawaalika ndugu, jamaa, wanaparokia na wapenda elimu wote wa Landani na vitongoji vyake kuja kumshuhudia mwana wa Bukoba akivikwa taji la ushindi dhidi ya Wataliano, Wahispania na Waingereza kwa mpigo. Ni Jumamosi, tarehe 18 Juni 2005, saa kumi kamili jioni, katika ukumbi wa shule nyuma ya Kingsbury Road. Mavazi ni fulana za sherehe. Watoto waachwe nyumbani, isipokuwa wanaojua kukaa kimya.

Aliyelisoma ni Telesphor, mwenyekiti wa kamati, mfanyakazi wa ofisi ya nyumba za halmashauri, mtu ambaye hata akiomba chumvi mezani huanza kwa kuwatambua viongozi waliopo. Alilisoma baada ya misa ya Kiswahili ya mwezi, kwa sauti ya mtangazaji wa vifo redioni. Watu wakapiga makofi. Severin mwenyewe alikuwa benchi la nyuma, ndani ya sare ya udereva wa basi kwa kuwa zamu yake ilianza saa saba, na aliinamisha kichwa. Waliomwona walisema, ona unyenyekevu wa msomi. Unyenyekevu gani? Mtu alikuwa anahesabu siku. Chuo kilikuwa kimempangia kutetea tasnifu yake Alhamisi tarehe kumi na sita. Kamati ilikuwa imempa udaktari kabla ya chuo.

Usiwacheke upesi. Watanzania wakiwa watatu ugenini wana kamati. Wakiwa wanne wana kamati ndogo. Na kamati haijui kusubiri. Harusi hupangwa, ukumbi ukashikwa na nguo zikashonwa kabla padre hajauliza kama kuna mwenye pingamizi, na ni lini umesikia mtu akainuka? Kwa hesabu ya Telesphor, watahini walikuwa kama huyo padre. Wangeuliza, kungekuwa kimya, wangebariki.

Severin alizaliwa 1951, kifungua mimba, kwenye shamba la migomba la baba yake nje kidogo ya Bukoba. Akiwa na miaka kumi na mitatu alipelekwa seminari, na huko akakutana na padre mmoja Mtaliano aliyefundisha Kilatini na hesabu, lakini mvua ikinyesha aliweka chaki chini na kuwasomea wavulana tenzi za kwao za mashujaa wa farasi. Wavulana wengine walilala. Severin hakulala. Mwaka 1975, akiwa amebakiza mwaka mmoja apate upadre, aliomba kuondoka. Alimwambia askofu kwamba hana wito. Alikuwa nao, ila haukuwa wa altareni: alitaka kujua yule shujaa wa farasi aliishia wapi. Padre Mtaliano hakumgombeza. Alimpa zawadi ya kitabu, utenzi mzima kwa Kitaliano, na kumwambia, "Nenda kasome."

Mama yake alilala kitandani wiki nzima. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaanza kumwita Mama Padre, na cheo kama hicho hakirudishwi bila maumivu. Tangu hapo Severin aliishi na deni moja tu duniani: kumaliza kitu. Chochote, ilimradi kimpe cheo cha kutangulia jina lake. Alipohamia Landani 1983 na mkewe Placida, ambaye ni nesi, alimpigia mama simu kila Jumapili, na mama hakuuliza habari za baridi wala za wajukuu. Aliuliza, "Umemaliza?"

Mwaka 1988 akajiandikisha kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja, kwa kuwa chenyewe kimeshamsahau. Mada yake ilikuwa athari za Kitaliano na Kihispania katika tenzi za Kiingereza za karne ya kumi na sita. Kama hujui jambo hilo, tulia, kuna watu wamefika kaburini salama bila kulijua. Habari yenyewe ni nyepesi. Mtaliano alibuni utenzi wa aina yake: mashujaa wa farasi wanaozurura msituni, vita vya dini, wachawi wa kike wenye bustani nzuri ambamo wanaume huingia na kusahau kazi zao, na yote yakapangwa katika beti za mistari minane minane. Tena alikuwa na tabia ya kukata hadithi palipo patamu na kwenda kwa shujaa mwingine, ukabaki unamtukana. Mhispania akaiga, akaongeza lake: yeye alitumwa ng'ambo kupigana na wenye nchi yao, basi akaandika kama shahidi, mimi nilikuwepo, mimi niliona. Mwingereza akaja wa mwisho. Akachukua bustani, akachukua wachawi, akachukua msitu na farasi, akaongeza mstari wa tisa mwishoni mwa ubeti ili ionekane ni kazi ya mikono yake, na akamkabidhi malkia.

"Kwa hiyo unaandika orodha ya mali iliyoibwa," Mzee Mansukh alimwambia siku moja. Mansukh alikuwa na duka la vitambaa Kingsbury Road na familia ya Severin ilipanga juu ya duka hilo. Alizaliwa Bukoba vilevile, mtoto wa muuza kanga, akaja Landani mwaka 1968 na sanduku moja na Kiswahili chake chote.

"Haikuibwa, Mzee Mansukh. Inaitwa athari."

"Sawa, athari. Duka la baba yangu pia lilipata athari mwaka ule wa kutaifisha."

Severin alisoma kwa dakika tisa tisa. Mwisho wa ruti yake, karibu na hekalu kubwa la Wahindu la Neasden, ratiba ilimpa dakika tisa za kupumzika, na badala ya kunywa chai alifungua kitabu juu ya usukani. Kitaliano alikijua kwa kupitia Kilatini, Kihispania kwa kupitia kaseti. Kulikuwa na bibi mmoja, Sushila, mzaliwa wa Mwanza, aliyepanda basi hilo kila Jumatatu kwenda hekaluni, na alishazoea kugonga kioo cha dereva.

"Dereva, shujaa wako leo yuko wapi?"

"Bado yuko bustanini, Mama."

"Miaka yote hii? Mwambie atoke, atapata baridi yabisi!"

Lakini Severin hakutaka atoke, kwa sababu ugunduzi wake wote ulikuwa humo bustanini. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mtu alipotia maisha yake. Katika utenzi wa Kiingereza, shujaa anaingia kwenye bustani ya mchawi na kukuta chemchemi. Ndani ya chemchemi wanawake wawili wanaoga, wanarushiana maji, wanacheka, na shujaa, aliyevuka mito na kuua majitu, anaanza kutembea polepole. Wasomi wote walisema Mwingereza alimnakili Mtaliano neno kwa neno. Severin akafungua kitabu chake cha Kitaliano. Shujaa anaingia bustanini, anakuta chemchemi, anatazama maji, anaendelea na safari. Hakuna mwanamke. Hakuna hata kitambaa cha mwanamke.

Akaenda maktaba kuu, akaomba tafsiri ya Kihispania iliyochapwa zamani hizo hizo. Wanawake wawili, wanaoga, wanacheka. Severin alichomoa kalamu pale pale mezani. Basi wanawake ni wa Mhispania! Mwingereza hakupita Italia peke yake. Alipita Hispania, tena katika miaka ambayo Waingereza na Wahispania walikuwa wanazamishiana meli. Aliandika sura ya tatu yenye kurasa mia moja na arobaini. Sitini kati ya hizo zilihusu ile chemchemi tupu peke yake: ukimya wake, usafi wake, utulivu wa roho ya Kitaliano. Wapo watu wameandika machache zaidi kuhusu Mungu.

Na wasimamizi walikuwa wapi? Walikuwepo, watatu kwa kufuatana. Wa kwanza alistaafu. Wa pili alifariki akiwa na sura ya tatu mezani, na Severin alijilaumu kidogo. Wa tatu alipewa ukuu wa idara na kuanzia hapo alisoma vichwa vya habari tu. Kila mmoja aliamini mwenzake aliyetangulia ameshahakiki Kitaliano. Pembeni mwa sura ya tatu kila mmoja aliandika neno moja, lile lile: inavutia. Muda ukaongezwa, ukaongezwa tena, na mwisho chuo kikaandika barua: Juni 2005, au basi.

Alhamisi hiyo Severin alivaa suti. Placida alikuwa ameipiga pasi mara mbili. Chumba kilikuwa na meza, jagi la maji na watahini wawili: mzee mmoja wa chuo hicho hicho, na mwanamke aliyetoka chuo cha mbali, Profesa Margaret, mwenye nywele fupi na begi zito. Saa nzima mambo yalikwenda vizuri. Aliulizwa habari za beti akajibu, habari za mashahidi wa vita akajibu. Kisha Profesa Margaret akafungua sura ya tatu taratibu, kama nesi anayefungua bandeji.

"Bwana Kaijage, Kitaliano umetumia nakala gani?"

"Yangu mwenyewe," alisema Severin kwa fahari, akaitoa mfukoni. Ilikuwa imefunikwa kwa karatasi ya kaki tangu 1975.

Profesa akaipokea, akaitazama mgongo, akageuza ukurasa wa kwanza. Pale palikuwa na muhuri wa askofu, kwamba kitabu hiki kimeruhusiwa kuchapwa. Severin aliuona muhuri huo maisha yake yote. Kila kitabu cha seminari kilikuwa nao, hata cha jiometri. Kwake ulikuwa dhamana ya kwamba kilichomo ni kweli. Hakujua kuwa ni risiti ya mkasi.

"Hii ilichapwa na mapadre kwa ajili ya wavulana," alisema Profesa Margaret. "Wametoa beti kadhaa, halafu wakapanga namba upya ili pasionekane pengo. Kazi safi kabisa, kwa kweli." Akatoa kitabu kingine katika begi, akakifungua palipokuwa na kipande cha karatasi, akakisukuma mezani. "Samahani sana."

Severin akavaa miwani. Ukurasa ulikuwa wa Kitaliano, ubeti wa mistari minane, na chemchemi ilikuwa ile ile, na ndani yake wanawake wawili walikuwa wanaoga. Walikuwa wamo. Walikuwa wamo humo miaka mia nne na zaidi, wanarushiana maji, wanacheka, wakati yeye anaandika kurasa sitini kuhusu ukimya. Mhispania alitafsiri tu alichokikuta. Mwingereza alichukua palepale ambapo kila mtu alisema alichukua.

"Naweza kusoma unaofuata?" aliuliza.

"Soma tu," alisema Profesa Margaret, akageuka kutazama dirisha.

Alisoma beti sita, polepole, kidole kikifuata mstari. Yule mtahini wa pili, aliyekuwa amesinzia, aliamka na kuuliza kwa nini pambizo ya kushoto ni nyembamba.

Walimtoa nje nusu saa, wakamrudisha. Bila sura ya tatu hakukuwa na tasnifu ya udaktari. Kuandika upya kungewezekana, lakini muda umekwisha na chuo hakiongezi tena. Wangeweza kumpa shahada ndogo, kwa zile sura mbili za mwanzo. Walimpa mkono. Mkono wa Profesa Margaret ulikuwa wa baridi na haukutaka kumwachia.

Alipofika Kingsbury, Mzee Mansukh alikuwa dukani anakunja fulana. Miaka ya karibuni vitambaa vilikuwa haviendi, akanunua mashine ya kuchapa fulana, na kamati ikampa kazi. Kaunta nzima ilikuwa nyeupe. Kila fulana ilikuwa na uso wa Severin, na chini yake, kwa herufi za bluu: DK. SEVERIN KAIJAGE.

"Daktari! Njoo ujione. Nimekutoa vizuri, hata upara umepungua."

"Mzee Mansukh, hiyo DK inaweza kufutika?"

"Hii wino ya moto, bwana. Ukiifuta inaondoka na fulana yake." Akamtazama. "Kwa nini? Wamekunyima?"

Severin akamweleza yote, akiwa amesimama, mkono juu ya uso wake mwenyewe wa kwenye fulana. Alipofika kwenye mkasi wa mapadre, Mansukh alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika kaunta, fulana tatu zikaanguka.

"Bhai, wewe ni mtu wa Bukoba kweli? Sinema pale mjini walikuwa wanakata busu! Hukumbuki? Bwana na bibi wanasogeleana, wanasogeleana, halafu ghafla treni inapita. Kila mtoto alijua kuna kitu kimekatwa. Tulipiga miluzi mpaka mwenye sinema anawasha taa! Wewe hukupiga miluzi?"

"Seminari hatukwenda sinema."

Mansukh akaacha kucheka. Aliokota fulana zile tatu, akazikunja upya. Zikawa mia moja na ishirini tena.

Juu, Placida alikuwa amevaa sare ya hospitali, anangoja. Alimwona mumewe mlangoni, akamfuata. Alimvua koti, akalitundika.

"Baba Valeria, kaa kwanza."

"Wamenipa shahada ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

"Ile anayopata mtu kwa miaka miwili."

Placida akakaa yeye. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amekwenda peke yake kwenye kila harusi, kila msiba na kila kikao cha shule, kwa sababu Baba Valeria anaandika. Binti yao Valeria, aliyezaliwa hapa hapa na ambaye hujibu kwa Kiingereza hata akiitwa kula, alikuwa amesikia ya dukani akiwa ngazini, akauliza kwa Kiingereza kama ni kweli baba amefeli kwa sababu ya wanawake wanaooga. Placida alimtuma jikoni akaweke maji ya chai. Kisha akamwambia mumewe, "Mama yako amekwisha kualika kijiji. Leo asubuhi walinipigia simu wanaimba."

Ijumaa akaja Telesphor, na faili lake la kamati kwapani. Severin alimwambia sherehe ifutwe. Telesphor alimsikiliza kama anavyowasikiliza wapangaji wenye paa linalovuja.

"Daktari, kamati haina utaratibu wa kurudi nyuma. Ukumbi tumeshika. Ndizi ziko jikoni kwa wanakamati. Senene wa kukaanga wametoka Bukoba kwa ndege, ndani ya kopo la maziwa, wamepita forodha salama. Sasa senene nao niwaambie warudi?"

"Telesphor, mimi si daktari."

"Bwana wee, nyumbani kuna madaktari wangapi ambao hata barua ya likizo wanaandikiwa? Wewe angalau umesoma. Na nani ukumbini anajua Kitaliano?"

"Hata mimi sijui."

"Umeona? Basi hakuna atakayegundua."

"Nitasema mwenyewe. Nikipewa kipaza sauti nitawaambia."

Telesphor alifungua faili, akapitisha kalamu kwenye ratiba. "Keki, zawadi, salamu kutoka nyumbani, halafu neno la mhusika. Sema baada ya keki. Watu wakishakula wanasamehe." Akaandika dakika tatu.

Jumamosi saa kumi na mbili, kwa kuwa saa kumi ya tangazo ilikuwa ni ya tangazo, ukumbi ulijaa. Severin aliingia kwa muziki, mkewe mkononi, akakutana na nyuso zake mia moja na ishirini. Alijiona kwenye matumbo, kwenye migongo, alijiona amekunjamana kwenye kifua cha mama mnene aliyemkumbatia na kumwita fahari yetu. Nyuso nyingine zilikuwa tayari zina mchuzi. Keki ilikuwa na umbo la kitabu kilichofunguliwa, kurasa zake nyeupe kabisa, haina hata mstari. Aliikata. Watu wakashangilia. Mzee Mansukh, aliyekaa karibu na mlango, hakupiga makofi. Alimtazama tu kama mtu anayeangalia mwenzake akipanda basi lisilo lake.

Ikafika salamu kutoka nyumbani. Telesphor aliweka simu ya mkononi kwenye kipaza sauti, na sauti ya mama yake Severin ikajaa ukumbini, nyembamba, ya miaka themanini na sita. Nyuma yake walisikika watu wengi.

"Daktari wangu!"

Ukumbi ukapiga vigelegele, na Bukoba ikajibu kwa vigelegele.

"Mama," alisema Severin.

"Sasa hata nikifa leo," alisema mama. "Paroko yuko hapa, amekuja mwenyewe. Wananiita Mama Daktari. Nimekaa kiti cha mbele."

Severin alifungua mdomo. Simu ikakwaruza, vigelegele vikaanza tena upande ule, na kabla hajapata pa kupenya laini ilikatika. Telesphor aliitikisa simu, akaitia mfukoni kwa heshima, akatoa karatasi ya ratiba.

"Waheshimiwa, mpaka hapo mmesikia wenyewe. Sasa ni neno la mhusika." Akamsogezea kipaza sauti. Ukumbi ukanyamaza, hata watoto ambao hawakupaswa kuwepo. Placida aliinamia sahani yake ya senene. Telesphor akaendelea, "Daktari, sisi wengine hatuna elimu hiyo, tuhurumie, tuambie kwa kifupi tu. Miaka kumi na saba umewachimba Wataliano, ukawachimba Wahispania, ukawachimba na Waingereza hapa hapa kwao. Uligundua nini?"

Severin alitazama nyuso zake, meza kwa meza.

"Kwamba haikuwa hivyo," alisema.